Fungu la Chombo: Uhakiki wa Dhana ya Kazi ya Timu kwa Kuangalia Uvuvi wa Wabajuni wa Kudhaa

Ikisiri

Mafunzo ya kazi ya timu yanayopelekwa kwa wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki huanza na moyo wa mtu: kuaminiana, kusikilizana, kuwa na lengo moja. Makala haya yanauhakiki msingi huo kwa kuusoma sambamba na kazi ya uvuvi katika visiwa vya Wabajuni, hasa Kudhaa. Inajadiliwa kwamba mwenendo unaoitwa uvivu, ubinafsi au ukosefu wa umoja mara nyingi ni jibu la busara kwa namna pato na hasara vinavyogawanywa. Inajadiliwa pia kwamba maandishi ya kitaaluma kuhusu Wabajuni, ambayo yamekisawiri chombo kwa ustadi mkubwa, hayajaupa mgawo huo uzito unaostahili.

Utangulizi

Methali isemayo "Manahodha wengi, chombo huenda mrama" imekuwa mali ya wakufunzi wa uongozi. Huandikwa ubaoni siku ya kwanza ya warsha, hufuatwa na "Umoja ni nguvu", kisha washiriki hugawanywa watano watano na kupewa karatasi kubwa na kalamu za rangi. Ni nadra kuulizwa methali hiyo inazungumzia kazi gani hasa. Aliyeitunga alikuwa na chombo halisi mbele yake, chenye omo na tezi, chenye ngama inayoingia maji, na chenye nahodha mmoja aliyekaa nyuma akishika usukani, ambaye tanga likijaa upepo haoni kilicho mbele ya omo. Anayeuona mwamba ni mtu wa mbele. Huyo akinyamaza kwa adabu, chombo hupanda mwamba pamoja na nahodha wake. Methali inakataza mikono miwili kugombea usukani mmoja. Haisemi kwamba wengine wafumbe macho na vinywa. Hata hivyo warshani hutumika kwa maana hiyo ya pili, na hilo si kosa dogo la tafsiri.

Makala haya yanasoma pamoja maandishi ya aina mbili ambayo kwa kawaida hayakutani. Ya kwanza ni ya taaluma ya mwenendo wa watu kazini, yaliyozaa mafunzo ya timu. Ya pili ni ya ethnografia ya Wabajuni na mabaharia wa upande wa kaskazini wa pwani ya Waswahili. Mahali pa kuyakutanisha ni Kudhaa, mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga sambamba na bara kutoka kusini mwa Kismayo kuelekea Ras Kamboni, pamoja na Koyama, Chovai na Chula. Lugha ya wenyeji ni Kibajuni, lahaja ya Kiswahili iliyo kaskazini kuliko zote ukiiacha Chimiini ya Barawa. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na mpaka mpya ukawapasua Wabajuni: wengine wakabaki upande wa Kenya, kule Kiunga, Faza, Kizingitini na Ndau, wengine wakawa chini ya koloni jingine. Vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 viliwakimbiza wengi hadi Mombasa, ambako walikaa katika kambi kama ile ya Jomvu, kisha wengi wakarejeshwa kabla ya muongo huo kwisha. Kuporwa kwa vyombo na nyavu kulikuwa sehemu ya vita hivyo. Baadhi ya watu waliokuwa na vyombo vyao wakajikuta vibarua katika vyombo vya wengine.

Jambo hili la mwisho ndilo linaloipa mada uzito. Mtu aliyekuwa na fungu lake katika pato la bahari, kisha akawa wa ujira, hubadilika mwenendo. Hajitolei kama zamani, hasemi anachokiona, huondoka bila kuaga. Mshauri wa sera anayemkuta katika hali hiyo anaweza kuandika katika taarifa yake kwamba jamii haina utamaduni wa ushirikiano, na taarifa ikishaandikwa hivyo, dawa inayofuata ni warsha.

Hawthorne na kilichosahauliwa

Chimbuko la mafunzo ya timu huelekezwa kwenye kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, huko Cicero karibu na Chicago, ambako majaribio yalifanyika kati ya 1924 na 1932. Kisa kinachopendwa madarasani ni cha wanawake watano waliotengwa katika chumba kimoja wakiunganisha vifaa vya simu. Mapumziko na saa za kazi vilibadilishwa mara kwa mara, na uzalishaji ukazidi kupanda. Maelezo yaliyoenea kupitia Elton Mayo na wafuasi wake yalikuwa kwamba wanawake hao walijaliwa, wakajiona kundi, na hisia hiyo ikazaa juhudi.

Mambo mawili katika kisa hicho husimuliwa kwa sauti ya chini, kama husimuliwa. Kwanza, mwaka 1928 wawili kati ya wale watano waliondolewa kwa kuonekana hawatoi ushirikiano, na nafasi zao zikajazwa na wengine. Kundi lenye moyo mmoja, kwa hiyo, lilipatikana kwa sehemu kwa kuwatoa waliokuwa na moyo mwingine. Pili, utaratibu wa malipo ulikuwa umebadilishwa: badala ya malipo yao kuhesabiwa pamoja na ya idara nzima yenye watu wengi, yalihesabiwa kwa kundi lao dogo peke yake, hivyo kila nyongeza ya kazi ikaonekana katika bahasha zao wenyewe. Mvuvi yeyote wa Kudhaa angelishika jambo hili la pili kabla ya la mapumziko. Wamegawiwa upya, angesema, na waliogawiwa vizuri wamevuta kamba.

Chumba kingine cha Hawthorne kina somo kubwa zaidi, nacho hakina umaarufu huo. Kati ya Novemba 1931 na Mei 1932, wanaume 14 waliokuwa wakiunga nyaya walichunguzwa bila mazingira yao kubadilishwa sana. Wachunguzi waligundua kwamba wanaume hao walikuwa na kiwango chao cha kazi ya siku, kilicho chini ya uwezo wao. Aliyekizidi alipigwa ngumi begani. Aliyekuwa chini yake mno alisutwa. Roethlisberger na Dickson, katika kitabu chao cha mwaka 1939, waliuona mwenendo huo kuwa zao la hisia na desturi za kundi, usiolingana na hesabu ya faida. Wahakiki waliokuja baadaye wakakumbusha kwamba uchunguzi ulifanyika katika kina cha Mdororo Mkuu, wakati viwanda vya Marekani vilipokuwa vikipunguza watu kwa maelfu. Kufanya kazi haraka kulimaanisha kazi kwisha haraka, au bei ya kila kipande kushushwa. Wanaume 14 walikuwa timu iliyokamilika kwa kila kigezo: walikuwa na lengo, kanuni, nidhamu, na hata adhabu. Tatizo lilikuwa kwamba lengo lao halikuwa la mwajiri.

Hapa ndipo mafunzo mengi ya leo yanapojikwaa. Hudhani kwamba pasipo na pato kubwa hapana timu. Mabaharia wanaoshusha wavu mara moja pale ambapo wangeweza kuushusha mara mbili huandikwa kuwa hawana ari, bila kuulizwa samaki wa mshuko wa pili wangekwenda kwa nani.

Nadharia ya Bruce Tuckman ya mwaka 1965, ambayo haikosekani katika kitini chochote, ina udhaifu wa namna nyingine. Inasema kundi hupita katika hatua za kukutana, kuvutana, kukubaliana kanuni na kisha kutenda. Mwaka 1977 yeye na Mary Ann Jensen waliongeza hatua ya kuagana. Nadharia hiyo ilitokana na mapitio ya makala zipatazo 50, na sehemu kubwa ya makala hizo zilihusu makundi ya tiba ya nafsi na ya mafunzo ya mahusiano, yaani watu waliokusanywa chumbani bila kazi nyingine ila kuzungumza. Tuckman mwenyewe alikiri upungufu wa data zake. Waliomnukuu ndio wasiokiri. Mabaharia wa chombo cha Kibajuni hawaanzi kwa kukutana. Ni ndugu, mashemeji, majirani wa msikiti mmoja, na baadhi yao wamevutana tangu kabla ya chombo hicho kuchongwa. Kuwaingiza katika hatua ya kwanza ya Tuckman, kwa kuwataka kila mmoja ajitambulishe na kutaja chakula akipendacho, ni kuwachekesha bure.

Kuhusu jedwali za Geert Hofstede za tofauti za utamaduni kazini inatosha kusema kwamba zilitokana na dodoso za wafanyakazi wa IBM, na kwamba "Afrika Mashariki" yake ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Zambia isiyo na pwani imo, Somalia haimo. Mshauri anayezitumia kueleza mwenendo wa mtu wa Kudhaa anaeleza mwenendo wa karani wa Nairobi au Lusaka wa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Si haki, hata hivyo, kuitupa taaluma yote. Edwin Hutchins, katika Cognition in the Wild (1995), aliwafuatilia mabaharia wa jeshi la Marekani walipokuwa wakitafuta mahali meli yao ilipo, na akaonyesha kwamba ujuzi wa kuiongoza meli haumo kichwani mwa mtu mmoja. Umetawanyika kati ya watu, vyombo vya kupimia na mpangilio wa chumba, na kosa la mmoja hurekebishwa kwa kuwa mwenzake anaweza kuliona na kulitamka. Kitabu hicho kiko karibu na methali ya manahodha kuliko vitini vinavyoinukuu methali hiyo. Upungufu wake kwa mada hii ni mmoja: mabaharia wa Hutchins wana mshahara wa serikali. Meli isipofika, hakuna anayelala njaa kwa sababu hiyo.

Chombo kilivyoandikwa

Maandishi kuhusu Wabajuni si machache kama inavyodhaniwa. Vinigi Grottanelli alichapisha mwaka 1955 Pescatori dell'Oceano Indiano, kitabu cha Kiitaliano kuhusu wavuvi hawa wa ng'ambo ya Juba, ambacho jina lake dogo linakiita jaribio la awali. Neville Chittick alipita pwani ya kusini mwa Somalia akichunguza magofu, na kuchapisha matokeo mwaka 1969. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika Swahili and Sabaki (1993), waliiweka lahaja ya Kibajuni mahali pake katika historia ya lugha za Sabaki. Na A. H. J. Prins, kwa Sailing from Lamu (1965), aliwapa wasomaji maelezo mapana ya utamaduni wa bahari wa upande huo wa pwani.

Mtafiti akiyasoma maandishi haya kwa swali la mwenendo wa kazi atapata utajiri wa kushangaza kuhusu vitu: mbao, tanga, kamba, mitego, majina ya sehemu za chombo. Prins hakuwasahau mabaharia. Vyeo vyao na safari zao vimo. Lakini mahali pake pa kutazamia ni Lamu, na mkazo wake ni juu ya ubaharia wa matanga, ambamo safari ya shehena ina nafasi kubwa. Huko shehena ina mwenyewe, nauli inajulikana, na safari ina mwisho. Chombo kinachotoka alfajiri kuvua na kurudi adhuhuri kina kawaida nyingine kabisa: pato lake halijulikani mpaka litolewe majini, na hugawanywa siku hiyohiyo, mchangani, mbele ya watu. Kosa si la Prins bali la waliomsoma kana kwamba aliandika kuhusu pwani yote na kazi zote.

Mvuto wa kitu kuliko mtu una historia ndefu. Tangu karne ya 19 wageni waliofika pwani hii walisimulia kwa mshangao uvuvi wa kasa kwa kutumia chazo, samaki mwenye kunata ambaye hufungwa kamba mkiani na kuachiwa aende akamnate kasa. Chazo alielezwa vizuri. Mtu aliyeshika kamba, aliyejua aivute kwa nguvu kiasi gani ili chazo asibanduke, na mwenzake aliyekisogeza chombo kwa kumtazama tu usoni, hawakuelezwa kiasi hicho. Mtepe nao, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kuhusishwa hasa na Wabajuni, ulijengwa upya kwa mfano na kuwekwa katika Beit al-Ajaib, Zanzibar, ambako ulisimama miaka mingi kabla ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka Desemba 2020. Ilikuwa kazi ya kuheshimika. Lakini wageni waliuzunguka mtepe mtupu, usio na mfua maji ngamani wala mtu wa omo.

Fasihi simulizi ingeweza kuziba pengo hilo. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), ameziorodhesha kimai na wawe miongoni mwa bahari za ushairi wa Kiswahili. Kimai ni tungo za mambo ya bahari. Wawe, au vave kama wanavyosema Wabajuni, ni tungo za wakulima, ambazo Wabajuni huzikesha usiku wa kuamkia siku ya kuchoma msitu uliofyekwa. Wahakiki wamezisoma hasa kwa vina, mizani na msamiati wa kale. Ni mara chache zimesomwa kama kumbukumbu za kazi: nani aliitwa, nani hakuja, nani alifyeka kwa ajili ya nani, na deni la siku hiyo lililipwa vipi. Moto wa msitu haumngoji aliyechelewa, na mkesha huo, pamoja na uzuri wa maneno yake, ulihakikisha kwamba kila aliyehitajika yupo kabla ya alfajiri.

Fungu na kitoweo

Katika sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili, pato la chombo cha uvuvi hugawanywa kwa mafungu. Kwanza hutolewa gharama za safari: chakula, mafuta, barafu kama ipo. Kinachobaki hukatwa mafungu. Chombo kina lake, nyavu au mitego ina lake, na kila baharia ana lake, nahodha akiongezewa kwa ujuzi na dhamana yake. Idadi ya mafungu hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, na kutoka chombo hadi chombo, wala hakuna haja ya kulazimisha kanuni moja. Lakini kabla ya hesabu yote hiyo kila mtu huchukua kitoweo, samaki wa kupeleka nyumbani. Kitoweo hakiingii sokoni. Bei ikianguka, deni likizidi, mnunuzi akidanganya mizani, nyumba ya baharia bado imekula.

Mpangilio huu ni nadharia kamili ya mwenendo wa watu kazini, ingawa haujaitwa hivyo. Unasema kwamba chombo nacho huchoka na lazima kilishwe, kwa hiyo fungu lake ndilo mbao mpya, kalafati na tanga la mwakani. Unamfanya baharia ashiriki hasara ya siku mbaya, ndiyo maana ana haki ya kusema usoni pa nahodha kwamba leo bahari haifai. Na unampa kila mtu kura isiyohitaji mkutano: asiyeridhika na mgawo huhama chombo. Katika msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na vyombo vingi vikitafuta watu, kura hiyo ina nguvu. Kusi likivuma na vyombo vichache vikitoka, nguvu hiyo hupungua, na ndipo unyenyekevu unapoongezeka. Mkufunzi atakayefika mwezi wa Januari na mwingine atakayefika Julai watakutana na watu walewale wenye tabia mbili, na kila mmoja ataandika kwamba ameyaelewa mazingira.

Neno la Kiswahili linaloubeba mpangilio huu si timu. Timu ilikuja na mpira, nayo ina kocha, jezi na mshangilio. Neno la zamani ni ushirika, na mshirika kwa asili ni mwenye sehemu, mwenye hisa katika jambo, hata kama hapatani sana na mshirika mwenzake. Ni kweli kwamba neno hilo limechoshwa na siasa. Chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933 na wakulima wa kahawa waliojua hasa sehemu yao ni ipi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa kwa amri, na tangu hapo masikioni mwa wengi ushirika ni ofisi. Lakini kulibadilisha neno lenye hisa kwa neno lenye jezi kuna gharama yake. Mtu aliyeambiwa kuwa ni mwanatimu ameambiwa namna ya kujisikia. Hajaambiwa atapata nini.

Isidhaniwe kwamba fungu ni haki tupu. Kijana anayefua maji mara nyingi ni mpwa wa mwenye chombo, na undugu huo ndio unaofanya fungu lake liwe nusu au liwe maneno ya kumpa moyo. Tajiri anayekopesha nyavu na kununua samaki yeye mwenyewe hupanga bei, hivyo mgawo unaweza kuwa wa haki kwa hesabu na wa dhuluma kwa bei. Na wanawake hawaonekani kabisa katika hesabu ya mchangani. Wanaokusanya pweza na kombe miambani maji yakitoka, wanaokausha na kutia chumvi ng'onda, wanaosuka ukili na makuti, hufanya kazi ambayo bila hiyo chombo hakingetoka wala samaki hangedumu, lakini hawana fungu kwa jina hilo. Ethnografia nyingi ilimpa mvuvi jinsia moja, na miradi ikairithi sarufi hiyo.

Boti ya kikundi

Serikali ya Somalia ilijaribu jambo kubwa baada ya ukame wa 1974 na 1975. Maelfu ya wafugaji waliopoteza mifugo walihamishwa, wengine kwenye mashamba ya kusini na wengine pwani, Eyl, Cadale na Barawa, wakawe wavuvi katika vyama vya ushirika. Walipewa boti, mafunzo na chakula. Katika miaka iliyofuata sehemu kubwa ya wanaume waliondoka, wengine wakirudi kwenye mifugo, wengine wakienda kutafuta kazi Arabuni. Kuondoka huko kumeelezwa mara nyingi kwa tabia: mfugaji hapendi samaki, mfugaji huogopa bahari. Maelezo hayo yana ukweli kiasi. Lakini mfugaji ana ujuzi wa ushirika kuliko watu wengi. Hutunza ngamia wa ndugu, hugawana maji ya kisima, hulipa diya ya mtu asiyewahi kumwona. Aliyeweza yote hayo hakushindwa kwa kukosa moyo wa pamoja. Alipewa ujira na posho katika kazi ambayo wenyeji wake huifanya kwa fungu, na alipoona ng'ambo ya bahari kuna ujira mkubwa zaidi, aliufuata.

Sheria za karibuni zimekuwa na macho zaidi. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 kuhusu vikundi vya usimamizi wa mialo ziliweka nafasi katika kamati kwa wenye mitumbwi na nafasi nyingine, kwa kiwango sawa, kwa mabaharia, ambao huko Ziwa Viktoria huitwa mabaria. Aliyeandika kanuni hizo alikuwa ameelewa kwamba mwenye chombo na baharia wake si kitu kimoja, hata wakivua pamoja miaka 20. Kenya ilitunga kanuni zake za vikundi vya aina hiyo mwaka 2007, na Wabajuni wa Kiunga na Faza wako chini yake. Kudhaa hakuna utaratibu wa namna hiyo wa kuegemea. Kinachofika huko, kama kwingineko katika pwani iliyopitiwa na vita, ni mradi wa muda mfupi unaohitaji kikundi ili utoe boti.

Boti ya kikundi huwa na tatizo moja ambalo warsha haiwezi kulifikia. Fungu lake halina mwenyewe. Likitolewa, huwekwa kwa mweka hazina, na haja ya kwanza ya mwanachama, maziko au ugonjwa, hulimaliza, na hakuna mwenye ubavu wa kukataa. Lisipotolewa, kila mtu hufurahi kwa msimu mmoja, kisha mashine hukwama na boti hugeuzwa kifudifudi chini ya mnazi. Mtathmini akija huandika "mgogoro wa uongozi". Mgogoro upo, lakini ulianza siku ambayo boti ilikabidhiwa bila kusemwa ni nani atakayedai fungu la chombo kwa niaba ya chombo.

Kuna pia mambo yaliyo nje ya chombo ambayo huvaa sura ya tabia. Kenya ilipopiga marufuku uvuvi wa usiku Lamu kuanzia mwaka 2011 kwa sababu za usalama, wavuvi wa jarife, wavu unaotegwa usiku, walipoteza sehemu kubwa ya kazi yao. Vyombo vikapunguza watu, na waliopunguzwa walikuwa vijana. Mtafiti aliyewakuta wamekaa barazani mchana angeweza kuandika sura nzima kuhusu mmomonyoko wa maadili ya kazi.

Fomu ya kusajili kikundi huuliza majina, umri, jinsia, cheo na sahihi. Haiulizi nyavu ni za nani, zikichanika hasara ni ya nani, bei hupangwa na nani, wala kama kitoweo hutolewa kabla ya mauzo au baada. Maswali hayo hayahitaji utaalamu mkubwa, wala hayaulizwi vizuri mkutanoni, mbele ya mwenye chombo na mgeni. Hujibiwa mchangani, wakati vyombo vinaporudi, kwa Kibajuni, na aghalabu kwa vitendo: samaki wanapotengwa mafungu, mtu mmoja hugawa, wengine hutazama mikono yake, na kijana wa ngamani, kabla hajaenda kuosha chombo, husubiri kuona kama fungu lake limewekwa peke yake au limeingizwa katika la mjomba wake.